Maua ya Harusi Nayo Yahesabiwe Kama Kreti za Soda

Katika vikao vya kamati za harusi hapa Arusha, chakula husomwa kwa kilo. Mchele kilo kadhaa, nyama kilo kadhaa, ndizi mikungu kadhaa. Vinywaji husomwa kwa kreti, na mjumbe akitaja kreti mbili zaidi ya hesabu ya wageni ataulizwa za nani. Kisha mwenyekiti hufika kwenye mstari wa mapambo. Hapo husomwa neno moja, "maua", na mbele yake tarakimu yenye sifuri sita. Wajumbe hutazamana, mmoja husema ipunguzwe kidogo, mwingine husema harusi ni mara moja, na kikao husonga mbele.

Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi katika ukoo wetu, na mstari huo mmoja ndio ulionipa taabu kuliko yote. Katika harusi ya binti wa kaka yangu tulilipa fedha nyingi kwa "maua", na Jumamosi ile tukakuta ukumbi umejaa maua ya bandia, huku mawaridi halisi yakiwa kwenye meza kuu peke yake. Tulipomuuliza mpambaji, alijibu kwamba hakuna mahali tulipoandikiana kuwa yawe halisi, wala kuwa yawe mangapi. Alisema kweli. Fedha tuliihesabu, maua hatukuyahesabu.

Ushauri wangu kwako, ndugu unayeandaa harusi mwaka huu, ni mmoja, na yote yatakayofuata hapa yanautumikia: anza na idadi ya maua, shilingi zifuate. Ukishajua unahitaji mawaridi mangapi, ya nini, na siku gani, bajeti inajiandika yenyewe, na hakuna atakayekuuzia picha.

Tunaishi karibu na shamba, lakini shamba halikulimwa kwa ajili yetu

Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na juu yake Mlima Meru unapanda zaidi ya mita 4,500. Jua la mchana ni kali, usiku ni wa baridi, na maji hushuka kutoka mlimani kwa mito kama Nduruma na Usa. Waridi hupenda hali hiyo hasa: usiku wa baridi hulifanya ua likue polepole, kichwa kiwe kikubwa na rangi ikolee. Ndiyo maana tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wawekezaji walijenga mabanda ya plastiki ya kukuzia maua upande wa Usa River na Nduruma, na chama cha wadau wa kilimo cha mboga, matunda na maua, TAHA, kilichoanzishwa mwaka 2004, makao yake yako hapahapa Arusha.

Kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba maua Arusha ni ya kuokota. Ndugu atasema, "Mimi namfahamu mtu shambani, tutapata bure." Kamati ikiandika bajeti juu ya sentensi hiyo, imeshapotea njia.

Mashamba yale hulima kwa ajili ya ndege. Maua hukatwa asubuhi, huwekwa kwenye chumba cha baridi, hufungwa, kisha husafirishwa kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) au kwa lori kupitia Namanga hadi Nairobi, na kutoka hapo Ulaya, ambako soko la mnada la Aalsmeer nchini Uholanzi ni kituo kikubwa cha biashara hiyo. Yanayobaki kwa ajili yetu ni yale ambayo mnunuzi wa nje hakuyataka: kikonyo kifupi, kichwa kimepinda kidogo, petali ya nje ina doa. Kwa harusi, maua hayo yanafaa kabisa. Kikonyo kifupi hakina hasara yoyote kwenye chombo cha mezani, na petali yenye doa hubanduliwa kwa vidole. Lakini idadi yake hubadilika kila wiki, na huwezi kuyatengenezea mkataba kwa kumfahamu mtu.

Vilevile, usidhani kila banda la plastiki unaloliona ukipita barabara ya Moshi lina waridi ndani. Mengine yana nyanya au pilipili hoho. Mengine huzalisha vipandikizi vya krisanti vinavyosafirishwa vikiwa vichanga, bila hata ua moja lililochanua. Na katika miaka ya 2010 baadhi ya mashamba ya waridi yalifungwa. Anayekuambia "pale huwa wanauza" huenda anakumbuka mambo ya miaka mingi iliyopita. Piga simu, au nenda mwenyewe, miezi miwili kabla.

Kalenda huamua bei kabla yako

Kwa sababu bei ya ua huku hufuata safari ya ndege, jua kwanza siku kubwa za wanunuzi wa nje. Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Februari 14, sikukuu ya wapendanao, kila waridi linalofaa hupelekwa nje. Machi 8, Siku ya Wanawake, nayo huvuta maua mengi, na Siku ya Mama huadhimishwa kwa kawaida Machi kule Uingereza na Mei katika nchi nyingi nyingine. Ukipanga harusi wiki ya pili ya Februari ukitaka mawaridi mekundu, unashindana na Ulaya nzima. Chagua rangi nyingine au ua lingine, au sogeza tarehe.

Wapo watakaokumbuka mwaka 2020 mambo yalivyogeuka: korona ilipositisha ndege, maua yalikosa mnunuzi. Kilichopandisha bei na kilichoishusha kilikuwa ndege ileile.

Kalenda yetu wenyewe nayo ina uzito. Wakati wa Kwaresima ndoa nyingi za kanisani husimama, na Wakatoliki hawapambi altare kwa maua kipindi hicho isipokuwa siku chache maalumu. Baada ya Pasaka harusi hufurika, na masika huwa yamekolea: waridi lililonyeshewa hushika ukungu wa kijivu, na barabara za mashambani huwa tope. Desemba ndugu hurudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza, kumbi hujaa, na mpambaji mmoja huweza kuwa na harusi tatu Jumamosi moja. Hapo utalipa zaidi kwa ajili ya mikono yake kuliko kwa ajili ya maua yenyewe. Mwenye uhuru wa kuchagua afikirie Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba. Baridi kali ya Julai imekwisha, mvua za vuli bado hazijashika, na kuanzia Oktoba mijakaranda ya mji huu huchanua zambarau barabarani. Picha chini ya mjakaranda haina bei, na bustani yenye mti huo haihitaji upinde wa maua.

Hesabu yenyewe

Sasa chukua karatasi. Tuseme wageni ni 250, wanakaa kumi kumi, meza 25. Andika mahali ambapo ua litaonekana, na idadi yake:

Shada la bibi harusi: waridi 25.
Mashada ya wapambe wanne wa kike, kumi kumi: waridi 40.
Maua ya kifuani kwa bwana harusi, msimamizi wake, wazazi wanne na wapambe wanne wa kiume: waridi 10.
Kanisani, vyombo viwili vya mbele, thelathini thelathini: waridi 60.
Meza kuu: waridi 60.
Meza za wageni 25, tano tano: waridi 125.
Meza ya keki: waridi 10.

Jumla ni waridi 330. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya yatakayovunjika au kunyauka, yaani 33, upate 363. Mawaridi mara nyingi hufungwa kwa mabunda ya kumi au ishirini. Ukinunua ya ishirini, unahitaji mabunda 19.

Tazama sasa uamuzi mmoja unavyobadilisha kila kitu. Picha ya kwenye simu ambayo bibi harusi ameipenda huwa na meza iliyojaa. Ukiweka waridi 12 kwa kila meza ya wageni badala ya tano, meza hizo peke yake zitakula 300. Jumla itakuwa 505, na ukiongeza akiba utafika mabunda 28. Mabunda tisa zaidi, kwa meza ambazo baada ya dakika ishirini zitajaa sahani, chupa na mikoba. Mwambie hivyo bibi harusi kwa upole, ukiwa na karatasi mkononi. Wengi huelewa wakiona hesabu; wanachochukia ni kuambiwa tu kwamba fedha haipo.

Kisha weka bei. Chukua bei mliyotajiwa wiki hiyo na muuzaji, zidisha. Kwa kufanyia hesabu tu, tuseme bunda ni shilingi 10,000: mabunda 19 ni shilingi 190,000. Bei ikipanda hadi 15,000, ni shilingi 285,000. Mnajua mapema mnachopaswa kukabiliana nacho.

Hapo ndipo wengi hushangaa: kama maua ni chini ya laki tatu, kwa nini mpambaji anataka milioni? Kwa sababu maua ni sehemu ndogo ya kazi ya maua. Kwa milioni moja, mimi ningegawa hivi: maua 300,000; majani, sponji ya kuchomekea na riboni 100,000; kukodi vyombo na vishikizo 150,000; mpambaji na wasaidizi wake 300,000; usafiri 50,000; akiba 100,000. Kila kamati itabadilisha tarakimu kulingana na uwezo wake, lakini mafungu hayo sita yawepo. Fungu la mikono msilibane. Wale vijana huamka saa tisa usiku kuchomeka ua moja moja, na harusi ya maua machache yaliyopangwa na mikono hodari hupendeza kuliko furushi lililopangwa na mtu aliyepunjwa.

Pa kubana, na pasipobanwa

Shada la bibi harusi msilipunguze. Litakuwa kwenye kila picha, mkononi mwake kanisani, na karibu na uso wake. Ndugu zetu wa Zanzibar na mwambao wanalijua jambo hili tangu zamani: kikuba cha asumini na mrehani hutoshea kiganjani, lakini kwa kuwa hukaa karibu na mwili wa bibi harusi, harufu yake ndiyo wageni huikumbuka. Maua machache yakikaa mahali panapostahili hufanya kazi kubwa.

Kanisani, uliza ofisi ya usharika au parokia ni ndoa ngapi zitafungwa siku hiyo. Mara nyingi ni mbili, tatu au zaidi, na kila familia huleta vyombo vyake kwenye altare ileile. Kaeni pamoja, mchange vyombo viwili vizuri. Na kwa kuwa kesho yake ni Jumapili, maua hayo yakibaki kanisani yatakuwa sadaka yenu.

Majani yajaze nafasi, maua yavutie jicho. Hapa kwetu majani ni utajiri: kangaga, matawi ya mkaratusi, masale. Kwa Wachagga sale ni alama ya amani na ya kuombana radhi, hivyo kuliweka kwenye meza ya wazee kuna maana inayozidi pambo. Langoni, migomba miwili iliyosimamishwa na kupindwa majani yake inatosha kuwakaribisha wageni wa Kimeru, Kiarusha na Kichagga bila upinde wa kukodi. Siku za gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, nenda ukatazame majani na mimea kabla hujaagiza chochote mjini.

Maua ya bandia nayo si haramu. Juu darini na nyuma ya meza kuu, ambako mkono wa mgeni haufiki, yanafaa, na mpambaji huyakodisha mara nyingi. Kwa hiyo mlipe bei ya kukodi, si bei ya kununua. Pambo lililo ndani ya mita moja kutoka kwa mgeni liwe halisi.

Kumbuka pia mwanga. Sherehe nyingi hufika usiku. Waridi jekundu lililokolea hupotea gizani chini ya taa za rangi; jeupe, la njano na la waridi hafifu huendelea kuonekana. Rangi nyeupe haikuongezei gharama, lakini huongeza kinachoonekana.

Na kama sendofu na harusi zimepishana siku moja au mbili, familia mbili ziongee. Chombo cha meza kuu ya upande wa bibi harusi kinaweza kusimama tena Jumamosi upande wa bwana harusi. Aibu haipo hapo; huo ndio undugu mnaouanza.

Ahadi si fedha

Bajeti zetu hutegemea michango, na kadi ya mchango huleta ahadi kabla ya fedha. Chakula kikipungua, kamati itakopa. Maua ndiyo ya kwanza kukatwa, na hukatwa vibaya, siku mbili kabla, mpambaji akiwa ameshanunua. Panga kwa hatua. Miezi miwili kabla, lipa malipo ya awali kutoka katika fedha iliyokwisha kuingia, kwa ajili ya yale yasiyokatwa: shada, maua ya kifuani, kanisa. Siku kumi kabla, mweka hazina asome kilichoko mkononi, siyo kilichoahidiwa. Hapo ndipo mnaamua meza za wageni zitakuwa na waridi tano, tatu, au majani na mshumaa. Baada ya siku hiyo msibadilishe tena.

Andikianeni. Karatasi moja inatosha: idadi ya maua na aina yake, halisi au bandia, rangi na rangi mbadala, saa ya kuanza kupamba na ya kuondoa, vyombo ni vya nani na kikivunjika nani analipa, malipo ya awali na ya mwisho. Weka risiti na ujumbe wa malipo ya simu pamoja na karatasi hiyo. Mpambaji mwaminifu hukufurahia zaidi ukiandika, kwa sababu karatasi hiyo humlinda naye dhidi ya shangazi atakayefika asubuhi akitaka kingine.

Mkiamua kupamba wenyewe

Familia nyingi zina dada na mabinamu wenye mikono mizuri, na hilo huokoa fungu kubwa. Lakini ua ni kiumbe hai. Nunua mawaridi Alhamisi kwa harusi ya Jumamosi ili yapate kufunguka. Yungiyungi lililofumba linunue Jumanne au Jumatano. Osha ndoo kama unavyoosha chombo cha maziwa. Kata vikonyo mshazari kwa kisu kikali, ondoa majani yote yatakayozama, weka kwenye maji safi yenye tone la jiki na kijiko cha sukari, na uache mahali pa baridi na kivuli kwa saa kadhaa kabla ya kupanga. Kwenye yungiyungi ng'oa vifuko vya chavua vya kahawia vilivyo katikati. Vumbi lake likigusa shela halitoki kirahisi.

Jambo moja wengi hawalijui, na nyumba zetu za Meru ndizo zenye hatari hiyo. Stoo ya harusi hujaa mikungu ya ndizi. Ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, ileile inayoziivisha, na gesi hiyo huyazeesha maua haraka. Maua na ndizi visilale chumba kimoja, hata usiku mmoja.

Na usichomeke waridi la shamba kwenye keki. Maua ya kuuzwa nje hupuliziwa dawa, hayakulimwa kwa ajili ya kuliwa. Yaweke kwenye sahani pembeni ya keki. Maua ya mwoleanda, unaopandwa sana uani kwetu, yasikaribie kabisa meza ya chakula, kwa kuwa mti wote ni sumu.

Ndugu msomaji, wazazi wengi wa Arusha wamesomesha watoto kwa mshahara wa kukata na kufunga maua katika mashamba yale. Ua likifika kwenye harusi yetu limepita mikononi mwa jirani yetu. Linastahili kununuliwa kwa bei ya haki, kwa idadi inayojulikana, na kuwekwa mahali litakapoonekana. Kwa hiyo kikao kijacho, mwenyekiti akisoma "maua" na kutaja tarakimu, inua mkono uulize kama unavyouliza soda: mangapi, ya nani, na yatakaa wapi? Msipitishe mstari huo mpaka mjibiwe.